Mara Tisa

Dokta Ndahani hakuja Mvumi na mahubiri.
Alikuja na kasha la barafu, vumbi hadi kwenye nyusi,
akauliza: nani hapa amezaa mara nyingi?
Mama akanyoosha mkono. Wanane, akasema,
na wa tisa tulimzika mwaka wa njaa.

Vijiko viwili vya damu, basi.
Akapewa kilo ya sukari, akacheka:
"Mbu huchukua bure."

Miaka kumi baadaye figo zake zikagoma.
Baba, mtu wa maneno machache,
akavua shati kwenye korido ya hospitali, Dodoma mjini.
"Kateni yangu."

Ndahani aliinamia darubini, akakawia kuinuka.
Katika maji ya damu ya mama
chembe za baba zilikuwa zikipasuka
moja moja, kama mtama kikaangoni.

"Mzee, kila mimba ilikuwa na nusu yako.
Damu yake imekusoma mara tisa.
Inakujua. Ndiyo maana itakukataa."

Baba akavaa shati, akakosea vifungo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema.
Ndahani ndiye aliyetufundisha kuuliza kwanza
mwenyeji anakumbuka nini.

Figo ikatoka kwa mjomba Madeje, yule mkorofi,
ambaye mama hakusemeshana naye
tangu ugomvi wa shamba la zabibu.
Siku ya tatu ikapewa jembe:
mkojo ukashuka mfukoni, tone, kisha tone.

Baba akauinua mfuko kwenye mwanga wa dirisha
akautazama muda mrefu,
kama mtu anayesoma.