Maoni Na. 18,377

Serikali ilitundika rasimu ya kanuni mtandaoni,
kurasa mia mbili na kumi juu ya vumbi la migodini,
na chini yake kisanduku cheupe: Toa maoni yako.

Yakaja elfu arobaini.
Mimi, Ansel, ndiye msomaji, ghorofa ya tano, Washington.
Mengi ni nakala: sentensi zile zile,
hata kosa la tahajia lile lile.
Mmoja kaandika "hapana" tu. Mwingine, jinsi ya kuoka mkate wa mahindi.

Saa nne usiku nikamfikia Verlene Cogar,
wa bonde moja la Virginia Magharibi.
Anaandikia maktaba, asema, kwao mtandao haushiki,
na kompyuta humpa nusu saa.

"Mume wangu Doyle alichimba makaa miaka thelathini na mmoja.
Ngazi yetu ina vidato kumi na vinne.
Mwaka juzi alipumzika mara mbili akiipanda.
Mwaka jana, mara sita.
Mwezi wa tatu nikamtandikia kitanda jikoni.
Mnauliza kiwango gani cha vumbi kinavumilika, nami"

Basi. Hakuna hata nukta.

Fomu yangu ina vyumba viwili:
yenye takwimu, yasiyo na takwimu.
Ya kwanza sheria hutulazimisha kuyajibu;
ya pili huambulia ahsante.
Mkono ulikwisha kuzoea kwenda kule.

Nikahesabu: vidato kumi na vinne, mara mbili, mara sita.
Nikatia alama chumba cha kwanza.

Sasa, kisheria, lazima mtu alijibu neno lile:
nami.