Dakika Ishirini na Nane

Duka letu lilikuwa Kondele, nyuma ya wauza mitumba:
chumba kimoja, pazia la kitenge, mashine mbili zenye homa,
na ubao nilioandika mwenyewe kwa rangi ya kucha,
TUNAREKODI. TUNANAKILI. TUNAFUTA.

Watu walidhani kufuta ndiyo kazi rahisi.

Jumapili niliamkia Kibuye, kuchambua sidii kuukuu
kati ya betri zilizokufa na vichwa vya cherehani.
Nilizigeuza juani, tumbo juu.
Yenye rangi ya kijani, iache:
hiyo imeandikwa mara moja, kama tohara kwetu Webuye, hairudi nyuma.
Ya kijivu kizito, kama ziwa kabla ya mvua,
chukua. Hiyo husahau ikiambiwa.
Shilingi kumi. Nikizipangusa kwa fulana,
kutoka katikati kwenda nje, kamwe si kwa kuzungusha.

Nimefuta mahubiri ya saa nzima,
masomo ya kijana aliyehamia Eldoret,
kwaya ikirudia ubeti mmoja na kukosea palepale, mara sita.
Sikuuliza. Nani hulilia shuka la gesti?

Kisha akaingia Dorsila Apondi na bahasha ya kaki.
Ndani, sidii ya kijivu, maandishi ya kalamu nzito:
HARUSI, NAHASHON NA DORSILA.
Mkono wa pili, simu yenye ufa, imebeba maziko.
"Nifutie hii," alisema, "unitilie hii."
Nikamwambia mpya ni mia moja hamsini.
Akatazama ubao. Akanitazama mimi.
"Si ni mtu yuleyule?"

Tokeni za stima zilibaki yuniti moja na nukta.
Mashine, kwa adabu zake zote, ikauliza:
futa kabisa, au futa haraka?
Kabisa ni nusu saa, mwali ukikwangua kila uzi,
na stima ikikatika katikati
sahani hiyo ni ya kufukuzia ndege mtamani.
Haraka ni dakika mbili.
Na kufuta haraka, nikupe siri ya wafutaji,
hakufuti kitu. Kunachana tu orodha ya mlangoni.
Wageni wangali ndani, wamekaa, wamevaa,
ila mashine, kwa kukosa majina yao,
inaapa nyumba ni tupu.

Nikabonyeza haraka.

Maziko yalikuwa dakika arobaini na mbili.
Harusi ilikuwa sabini.
Mwali huanzia karibu na tundu, ukaandika ukienda nje,
kama mtu afagiaye ua kutoka mlangoni mwake.
Jeneza likapita juu ya gari la maua,
mchungaji akalala juu ya mchungaji
(pengine yuleyule, ameota mvi),
udongo juu ya mchele uliorushwa,
hadi dakika ya arobaini na mbili,
mwali ukazimika.

Alilipa hamsini, sarafu tupu. Akasimama mlangoni
akaigeuza mwangani, kama nifanyavyo Kibuye,
na karibu na ukingo akaona mstari,
mwembamba kama unywele uliolowa,
ndani yake rangi moja, nje yake nyingine.
"Hapa pana nini?"

Ningesema uchafu. Ningesema ndivyo zilivyo, mama.
Nikasema, "Hapo ndipo mlipokata keki."

Hakucheka. Aliuliza kama ipo mashine ya kupasoma.
Kwetu hapana, nikasema.
Na kwingine?
Sijui. Na kweli sikujua, sijui hadi leo.

Akaondoka bila kuirudisha kwenye bahasha,
ameishika kwa ukingo tu, kwa ncha za vidole,
vile nilivyochoka kuwafundisha wateja
ili wasiichafue.
Lakini yeye sikumfundisha.