Laini

Mwalimu Kinabo wa Kiingereza, shule ya Pasua, darasa la tano,
aliandika neno ubaoni, akalipigia mstari chini,
akasema: neno hilo ndilo huo mstari.
Tukacheka. Akatuchapa.
Jioni mama akabonyeza haragwe ukingoni mwa sufuria:
bado, hayajawa laini.
Usiku nikalala na mapacha wawili,
mmoja mwenyeji, mmoja wa kuja,
wakivutana shuka moja.

Wa kuja hakuondoka. Nilikua nikikutana naye kila kona.
Hospitali ya Mawenzi: mama, rudi kwenye laini.
Nguzo ikilala Njoro: mafundi wa laini wanakuja kesho,
na kesho yao mnaijua.
Baba mdogo alizaliwa laini polisi, chumba kimoja,
pazia katikati likiitwa sebule.
Mjomba alipalilia laini za kahawa za mtu mwingine
hadi mgongo ukasahau kunyooka.
Na kijana akiharibikiwa, walisema ametoka kwenye laini.
Laini gani? Hakuna aliyetuonyesha.

Sasa muuza laini ni mimi.
Mwavuli mwekundu ubavuni mwa stendi,
meza, kiti cha plastiki, mashine ya vidole.
Kadi ndogo kama ukucha wa mtoto,
na humo hupita misiba, mahari,
na nitumie na ya kutolea.

Jumanne akaja Bi Aikaeli wa Mbokomu,
kitambulisho amekifunga ndani ya leso, mafundo matatu.
Nataka laini, mwanangu.
Weka kidole, bibi.
Taa nyekundu. Rudia.
Gumba: nyekundu. Cha shahada: nyekundu.
Nikaifuta mashine, nikaipuliza, nikailaani kimoyomoyo.
Kisha nikaushika mkono wake, nikauelekeza juani.

Miaka thelathini na moja kiwandani, akichambua kahawa,
mbovu huku, nzima huku,
na punje, moja baada ya moja, zilikuwa zikimchambua yeye,
zikiondoka na mstari mmoja mmoja.
Ncha za vidole zilikuwa laini
kama kokoto za mto Rau.

Mwalimu, hili hukutuambia:
mtu anaweza kukosa laini
kwa sababu ni laini.

Yeye alicheka. Mimi sikuweza.
Nyuma yake watu sita wamepanga (ndiyo, hiyo hiyo),
na wa mwisho akasonya.
Jaribu hiki, akasema bibi.
Kidole cha mwisho, mkono wa kushoto, kimekakamaa;
mlango ulikibana akiwa msichana.
Hakikuwahi kukunjika, hakikuchambua hata punje,
miaka yote kimesimama kando
kama mtoto aliyeachwa kulinda nyumba.
Taa ya kijani.

Unampigia nani, bibi?
Mdogo wangu, Ndeshi. Yuko ng'ambo ya masale.
Ng'ambo ya masale?
Kihamba cha baba, tuligawiwa. Mpaka ni masale.
Niliyang'oa, nikayapanda upande wake. Hatua mbili. Usiku.
Akanyamaza, akafungua fundo la leso ambalo halikuwa na kitu.
Hatujaamkiana tangu mwaka wa ile mvua.

Si ungevuka tu, nikasema. Hatua mbili?
Akanitazama kama mtu asiyejua Kiswahili
wala kile kingine.

Nikamwandikia namba. Ikaita.
Akaitoa simu sikioni, akaitazama, akairudisha.
Wa upande wa pili sikumsikia.
Nilimsikia Bi Aikaeli tu, neno moja la Kichaga, fupi,
kwa sauti ya haragwe lililokaa motoni tangu asubuhi.
Halafu kimya. Sekunde zinahesabika kiooni,
salio langu linayeyuka,
wale sita wanahama mguu kwenda mguu,
na hakuna aliyekata.