Mafundo Mia na Kumi na Nne

Bomba lilikuwa moja, na kufuli lake moja,
na ufunguo ulilala mfukoni mwa karani wa halmashauri
aliyekuja saa mbili, akafunga saa nne,
kiangazi na theluji. Jumapili hakuja kabisa.
Juu ya kilima, kwa wasio Waroma,
maji yalinywesha hadi maua.

Bi Jolana hajui kuandika.
Wakili Radka alipomwambia, "Niwekee hesabu,
kila siku bomba lisipofunguliwa,"
alicheka, akafumua mkono wa sweta la marehemu mumewe,
akaanza kupiga mafundo.

Mimi ni mbeba faili tu.
Silipwi; na Radka halipwi na wateja,
wangemlipa nini?
Ofisi yetu ni chumba juu ya duka la viatu:
hita moja, viti vitatu,
na mashine ya kunakili inayotafuna karatasi kama mbuzi.
Nauli ya kwenda Kosice tulichangishana.

Mahakamani halmashauri ilileta jedwali
lenye muhuri, lenye rangi:
maji yalitoka kila siku, jedwali lilisema.
Karatasi haina kiu.

Bi Jolana akautoa uzi kwenye mfuko wa mkate,
uzi wa kijani, mrefu kuliko meza.
"Hiki ni nini?" hakimu akauliza.

"Hili," akaligusa, "tuliyeyusha theluji, mtoto akaoga.
Hili, tulimwosha maiti kwa maji ya mtaroni.
Haya mawili yaliyobanana ni Pasaka.
Hili kubwa…
hili niachie mwenyewe."

Hakimu alivua miwani, akaivaa tena.
Akaamuru yahesabiwe.
Binti wa masjala alihesabu kwa ncha ya kidole,
akakosea kwenye sabini, akaanza upya.
Nje tramu ilipita, ikapita tena.
Mwanasheria wa halmashauri alikunywa maji,
glasi nzima, nasi tukimtazama.

Mia na kumi na nne.

Hukumu bado. Wameahirisha hadi Mei.
Subira huvuta heri, najua;
maji haiyavuti.

Uzi umebaki kule, umepewa namba: Kielelezo cha Tano.
Kwenye basi la kurudi Radka alisinzia, kichwa dirishani,
kiatu kimoja kimemvuka.
Bi Jolana akalitoa sweta lenye mkono mmoja,
akaligeuzageuza mapajani,
akitafuta ncha.