Namba ya Leo

Umeme siuogopi. Andika hilo kwanza,
nilimwambia, kabla hujaandika la pili.
Miaka kumi na sita nashika nyaya Moshi nzima,
Pasua hadi Rau, Njoro hadi Soweto.
Nimepigwa shoti nikaanguka na ngazi,
nikainuka, nikatafuta bisibisi yangu kwenye majani.

Lakini darini siingii.
Darini nampandisha Kilawe, kijana wangu wa kazi,
namwambia goti linauma.
Huu mwaka wa nne goti linauma,
na Kilawe, ambaye si mjinga,
juzi kaniletea dawa ya kuchua.

Bi Aikande hakucheka.
Chumba chake kiko juu ya duka la mbegu,
dirisha linatazama mlima siku mlima ukikubali kutazamwa.
Akachukua karatasi, akaandika neno moja,
akaisukuma mezani kama anayerudisha chenji:
buibui.
Sifuri mpaka kumi, Elinami, hofu ni ngapi?
Nikauliza: naweza kuanza na la kuvaa?
Maana jirani yangu Majengo, Bi Mwanahawa,
huanika lake kambani kila Jumamosi,
na hata hilo, likipepea vibaya,
mwili wangu husoma ile maana nyingine.
Haya, akasema, tuanzie kambani.

Neno: sita.
Picha ya penseli: saba,
miguu nikiihesabu kama deni.
Picha ya rangi: tisa,
nikauliza choo kiko wapi.

Wahenga walimtaja nyoka, wakautaja na unyasi.
Wangu hawakumtaja.
Wangu aliingilia kwenye kola ya shati,
Kibosho, nina miaka tisa,
mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani,
mikono yote miwili juu,
na mama alikuwa amesema usiutupe.
Nilitembea naye hadi zizini.
Nimetembea naye hadi hapa.

Mwezi wa pili ikaja chupa ya jemu,
kifuniko kimetobolewa kwa msumari.
Kati yangu na chupa, vigae kumi na kimoja;
vipimo ni kazi yangu.
Bi Aikande hakunisukuma.
Alisema: ni kama maji ya mfereji, yakijaa hayajai milele,
kaa uone yanavyoshuka.
Nikakaa. Jasho likanichora mgongo.
Tisa. Tisa. Nane.
Nje mtu anabishana na muuza ndizi juu ya mia mbili.
Saba,
nikashangaa, maana sikuwa nimefanya lolote
ila kutokimbia.

Kigae kimoja kwa wiki.
Wiki moja nilirudi nyuma vitatu,
akaandika, hakukemea.

Siku ya kiganja sitaieleza yote.
Alikuwa mwepesi. Hilo ndilo lililonikera:
miaka thelathini mzigo wote ule,
kumbe mwenyewe hana uzito hata wa risiti.

Jana, Kiboriloni, kwa Mama Ndeonasia,
taa ya sebuleni imegoma.
Kilawe akashika ngazi apande.
Nikamwambia goti limepona.
Akalitazama goti, akanitazama uso,
akanipa tochi.

Juu, joto la mabati, vumbi, kinyesi cha popo,
na tandabui kutoka boriti hadi boriti,
mwenyewe katikati, ametulia
kama mwenye nyumba anayengoja kodi.
Waya uliokatika uko nyuma yake.
Nikasema samahani, kwa sauti kabisa,
nikapasua pembe moja.
Akahamia pembeni bila haraka.
Niliunga mara mbili;
mara ya kwanza mikono iliunga hewa.

Chini Mama akapiga kigelegele: imewaka!
Vipi huko, fundi? Kilawe akaita.
Nne, nikamjibu.
Akadhani naomba misumari.