Robo Tangi

Niliteremka kutoka Isyonje na ukungu kwenye siti ya abiria,
magunia matatu ya viazi nyuma, na chini ya viazi
sauti: ziii, nyembamba, haipandi haishuki,
mbu aliyenasa ndani ya kopo.

Uyole, nikisubiri malori ya Tunduma yapite,
likaanza la pili. Kutetemeka.
Nikikanyaga mafuta, linatulia.
Nikiachia, sailensa inayumba, usukani unanitekenya vidole,
rozari ya mke wangu inagonga kioo.

Kila mtu alikuwa na jibu.
Wa bodaboda: plagi hizo.
Muuza parachichi: umewekewa yaliyochakachuliwa, ulinunua wapi?
Shemeji Gwamaka, kwa simu, yuko Vwawa, gari hajaliona:
badilisha pampu, laki na themanini, namjua mtu.

Fundi Subilaga hakusema kitu.
Julai ile alikuwa amekikumbatia kikombe cha chai kwa mikono miwili,
na chai aliimaliza kwanza.

"Fungua swichi. Stata usipige."
Viazi vikashushwa, siti ikanyanyuliwa.
Akaweka ncha ya bisibisi ndefu juu ya tangi,
mpini kwenye tundu la sikio,
akafumba macho.
Ziii. Sekunde mbili. Kimya.
"Tena."
Ziii.
"Huwa unaweka ya shilingi ngapi?"
Ya elfu tano.
"Kila siku?"
Kila siku ikipatikana.

"Pampu inaoga humo humo inamovuta," akasema.
"Wewe unaiacha mabega makavu,
halafu unashangaa inalia."

Sikujibu. Mshale wangu haujavuka robo
tangu mahari ya mdogo wangu.
Najua kupaki kwenye mteremko.
Najua kushuka Mlima Nyoka gia ikiwa huru, roho mkononi,
nikihesabu matone niliyookoa.

Na huku kutetemeka?
"Hilo jingine. Wagonjwa wawili wakifika zahanati siku moja
hawawi ndugu."

Akafungua boneti. Vidole vikapita juu ya mipira
kama vya mtu anayechambua maharage,
vikasimama: kampira kembamba ka upepo,
kamekakamaa kwa baridi, kana ufa wa ukucha.
Akakabana kwa kidole gumba.
Injini ikatulia ghafla,
darasa, mwalimu akisimama mlangoni.
Akaachia: fujo. Akabana: utulivu.
Alirudia mara nne,
nadhani mbili za mwisho ni kwa raha yake tu.

Elfu tatu, mpira na kazi.
Pampu hakuigusa.
"Ikichoka itakwambia. Kwa sasa iogeshe."

Sheli, nikashusha kioo. Nikasema "elfu,"
nikausikia ulimi unaelekea kwenye tano kwa mazoea,
kama punda anayejua njia ya nyumbani.
Nikaukamata hapo.
Kijana wa mafuta akanitazama, bomba mkononi.
Ada ya Tumpe. Bei ya viazi Mwanjelwa. Simu ya Gwamaka inaita.
"Thelathini," nikasema,
kwa sauti ya mtu anayekopa.

Mshale ukapanda, ukafika robo,
ukasita kama mgeni kizingitini,
ukapita.

Nikafungua swichi, stata sikupiga.
Nikainamisha kichwa kuelekea nyuma.
Bado ipo. Ila chini, nzito kidogo,
mtu anayejiimbia bafuni
akidhani hakuna anayemsikia.