Sukari Kilo Sita

Risiti ya kwanza ya Januari ilisema:
sukari, kilo sita.
Soksi za sufu, jozi arobaini.
Betri za tochi. Ndimu. Kamba za viatu.
Nami, karani wa hesabu wa manispaa,
mwenye kalamu nyekundu na miwani ya kusomea,
nikaizungushia duara ile sukari,
nikaandika pembeni: fafanua.

Zinaida hakufafanua.
Alikuja mwenyewe, theluji ikimyeyukia mabegani,
akaweka kijiko juu ya meza yangu.
"Njoo Alhamisi," akasema. "Uje na mikono."

Huku kwetu Virumaa vilima si vilima,
ni majivu ya mawe tuliyoyachoma miaka na miaka
ili taa ziwake.
Mgodi ulipofungwa, wanaume walirudi nyumbani
na mikono isiyojua pa kukaa.
Kisha ikaja ile poda,
inayoua kwa kipimo kidogo kuliko chumvi ya yai moja,
na ngazi za majengo yetu ya orofa tano
zikaanza kunyamaza, mlango baada ya mlango.

Alhamisi nilikwenda.
Gari kuukuu nyuma ya stesheni, taa moja,
birika likilalama kama mdai aliyechoka kuahidiwa.
Walikuja. Sikutarajia wangekuwa na adabu hivyo.
Heldur, aliyekuwa fundi mitambo, vijiko vitano.
Binti mwenye koti la shule, vinne.
"Mwili unaoachishwa," Zinaida alininong'oneza,
"hulilia utamu kama mtoto. Mpe.
Akishika kikombe kwa mikono miwili
atakaa dakika kumi.
Hizo dakika kumi ndiyo kazi yangu."

Nikagawa soksi.
Jozi ya thelathini na moja nilimpa Arkadi.
Arkadi ni mdogo wangu.
Nilikuwa nimewaambia watu yuko Ufini, anajenga.
"Kumbe siku hizi uko hapa," akaniambia.
Nikasema ndiyo, kila wiki.
Huo ulikuwa uongo wa pili;
wa kwanza ulikuwa mbele yangu, ukinywa chai.

Februari, kikao cha bajeti.
Maji ya chupa, biskuti, bendera.
Diwani Maimu alisema kinga ni bora kuliko tiba,
sote tukaandika.
Kisha akauliza: matokeo yako wapi?
Euro elfu thelathini na moja za mwaka jana,
nioneshwe zilichonunua.

Mama, nikuoneshe nini?
Barabara ikikarabatiwa hukatwa utepe.
Daraja lina picha.
Lakini mtu ambaye hakufa Jumanne,
Jumatano anafanya nini?
Anatafuta soksi ya pili. Anagombana na mamaye.
Anachelewa basi.
Jedwali langu lina safu kumi na nne
na hakuna hata moja ya kuchelewa basi.

Nilisimama. Karani hasimami kikaoni;
karani hupewa neno
kama mgonjwa wa presha apewavyo chumvi.
Nilitaka kumtaja Arkadi. Jina likanikwama kooni
mfano wa mwiba wa samaki.
Basi nikasoma risiti. Zote,
ndimu kwa ndimu, betri kwa betri,
hadi mwenyekiti akatazama saa,
hadi Maimu akavua miwani akaifuta
ijapokuwa haikuwa na vumbi.

Wakapiga kura. Wakakata theluthi.
Si ushindi, na msiniulize kama ni kushindwa:
birika bado linachemka Alhamisi,
ila Jumatatu imefutwa,
na Zinaida amebandika karatasi kwenye kioo cha gari:
Jumatatu, jitahidini.

Arkadi aliisoma kwa sauti, akacheka,
akaomba kijiko cha sita.
Leo Jumanne.
Simu yake inaita.